Zamu za Kukaa na Haji

Enzi zetu, mtu akikupa embe bila ya wewe kumwomba, ulilinusa kwanza. Haukuwa ufidhuli. Ndivyo tulivyolelewa watoto wa Mlandege na Ng'ambo, sisi tulioingia skuli miaka ya thamanini na kumalizia ya tisini. Usile kwa watu. Usipokee cha mtu. Ya nyumbani usiyatoe nje. Mgeni akibisha hodi na kuuliza, "Baba yupo?" hatukujibu yupo wala hayupo, tulimwuliza kwanza yeye ni nani. Vijana wa siku hizi shaka hawaijui. Kijana akipata ujumbe kwenye simu kwamba ameshinda pikipiki, saa ile ile anaulizia bei ya helmeti. Sisi tungejiuliza wiki nzima huyo mgawa pikipiki ana lake gani.

Nalitanguliza hili ili mtakapomwona mama yangu msimcheke peke yake. Mtaa mzima ulikuwa hivyo, ila yeye alizidi. Bi Mwanaidi, mshonaji wa kofia za viua, akienda kununua samaki Darajani alimfunua samaki mashavu, akamtazama macho, akambonyeza ubavu, kisha akamgeukia muuzaji na kumtazama vile vile. Daktari akimwandikia dawa, alimwuliza kama na yeye akiumwa huinywa hiyo hiyo. Muda wote mkono wake ulikuwa kwenye sindano na jicho lake mlangoni.

Hata hivyo tulikuwa na raha zetu. Mkondo wetu wa skuli ulikuwa wa jioni, kwa hiyo asubuhi ilikuwa mali yetu: chuoni kwa Kurani kwanza, kuvuta alifu na be huku tukiikimbia bakora, halafu nage mpaka jua lifike vichwani. Mpira wa nage tuliusokota wenyewe kwa soksi na mifuko, na ukikupata mgongoni ulilia na kucheka kwa pamoja. Wavulana walirusha tiara juu ya mabati ya watu, wakakatana nyuzi, wakagombana, wakapatana kabla ya adhuhuri. Saa ya mapumziko tulikula maembe mabichi kwa chumvi na pilipili mpaka meno yakafa ganzi, na aliyebahatika kupewa senti alinunua mbatata za urojo, akaunywa ule ukwaju taratibu, wenzake wamemzunguka wakimwangalia koo. Darasani tulikaa watatu kwenye deski la wawili, na wa pembeni alisoma nusu yake ikiwa hewani.

Mdogo wangu Haji, aliyenifuata ziwa, hakuyaonja hayo. Aliugua homa kali akiwa ndiyo kwanza anaanza kutamka maneno, na homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Watu walimwita bubu. Mama akilisikia neno hilo alifunga dirisha, hata kama joto limetuelemea. Wengine walidhani anamficha kwa aibu, na mpaka leo neno hilo huniudhi. Mama hakumwonea Haji aibu hata siku moja. Aliwaogopa watu. Aliamini kwamba mtoto asiyeweza kueleza nani kampiga, atapigwa, na asiyeweza kueleza nani kamcheka, atachekwa mpaka mbavu za watu zichoke. Kwa hiyo alimweka ndani, akamfundisha lugha yao wawili. Ncha za vidole mdomoni na kupuliza ilikuwa pilipili. Kujipiga begani ilikuwa baba, maana baba alikuwa mpagazi wa bandarini. Mimi nilikuwa kuvuta nywele ya kando ya sikio. Na kulikuwa na kiganja kushushwa chini mara mbili: kaa, tulia. Hiyo aliitumia kila wageni walipopiga hodi, na Haji alikwenda kukaa nyuma ya pazia.

Wageni waliokuja kumtoa nyuma ya pazia walikuwa watatu: Bi Rukia, mwalimu wetu wa darasa, mwanamke mwembamba aliyetembea kwa haraka; Mwalimu Othman wa hesabu; na mzazi mmoja wa kamati ya skuli. Mama aliwapokea, akawatilia kahawa, akawaangalia wote watatu kwa zamu.

"Tumekuja kumwombea Haji skuli, Bi Mwanaidi," alisema Bi Rukia.

"Watu watatu kwa mtoto mmoja? Hata posa haiji hivyo." Mama alivuta uzi wake. "Wenye masikio yao mnawarejesha mnasema madarasa yameshajaa. Huyu wangu mnamtakia nini?"

"Tunataka akae na watoto wenzake."

"Na nani atakayesema naye?"

"Tutajifunza pole pole, sisi na watoto."

"Hiyo pole pole ndiyo itakayomla mwanangu," alisema mama.

Walikuja tena. Na tena. Mama alizidi kuingiwa na wasiwasi, kwa sababu kwa hesabu zake mtu anayefukuzwa kwa adabu na bado anarudi, basi ana faida yake mahali. Aliuliza mitaani kama kuna mradi, kama kuna wageni wanaopiga picha, kama walimu hao wanaongezewa kitu. Hakupata jibu, na kukosa jibu kukawa ushahidi. Mwisho baba, mtu wa maneno machache, alisema, "Mwache akaone." Mama akakubali kwa masharti. Yeye mama atakaa mlangoni mwa darasa. Na siku atakayoona mwanawe amefanywa kichekesho mbele za watu, siku hiyo hiyo Haji atarudi ndani na hatotoka tena. Aliapa, na mama hakuwa mtu wa kuapa ovyo.

Kisha akaniita chumbani akafunga mlango. "Mimi nitakuwa nje, sitoona yote. Wewe ndiye jicho langu. Ukiona kitu usiseme huko huko. Njoo uniambie mimi."

Basi nikawa jasusi. Nilikuwa darasa la tatu, na Haji aliletwa darasa hilo hilo kwa sababu Bi Rukia alisema mtoto mkubwa hawekwi na wadogo wakamwona jitu. Skuli yetu ilikuwa jumba kongwe la Mji Mkongwe, darasa liko ghorofani, sakafu ya mbao juu ya boriti. Mama alitandika kijamvi chake ushorobani, akatoa kofia na sindano, akaanza ulinzi. Sisi watoto tulijinyoosha tukawa kama tumo kwenye mtihani wa taifa. Karim, mtoto wa Kihindi ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa pale Mlandege, na ambaye hakuwahi kukaa kimya tangu azaliwe, alikaa kimya siku nzima.

Kilichofuata kwetu kilikuwa kigeni. Kwanza Bi Rukia alizigeuza deski zikakaa nusu duara, ili Haji aone uso wa kila anayesema. Waliokuwa wakilala nyuma walihuzunika mno. Pili, hakuna kusema kabla ya kunyanyua mkono na Haji kukutazama. Tatu, Mwalimu Othman, ambaye miaka yote alikuwa akizungumza na ubao na kutuachia sisi mgongo, alikatazwa kusema akiwa amegeuka. Alisahau kila siku, na sisi tulipewa ruhusa ya kumkumbusha kwa kupiga miguu chini. Hebu fikirini, mtoto wa enzi zetu apewe ruhusa ya kumkosoa mwalimu! Ile miguu ndiyo iliyokuwa pia ya kumwita Haji, maana mtikisiko wa mbao aliusikia nyayoni. Chini yetu ilikuwa ofisi ya mwalimu mkuu, na kila tulipomwita Haji, chokaa ya darini ilimwangukia mkubwa huyo kwenye chai yake. Alipanda kuja kulalamika, akaelezwa, akateremka. Baadaye tulimwona anakunywa chai kikombe amekifunika kwa kisahani.

Siku ya mwanzo tuliyopiga miguu, mama aliingia darasani mbio, kofia mkononi, sindano inaning'inia. Alidhani tunamkanyaga mwanawe. Alimkuta Haji amekaa kitako anatabasamu.

"Ya nini fujo yote hiyo?" aliuliza.

"Tunamwita," alisema Karim.

Mama alimtazama. Jioni aliniambia, "Yule mtoto wa duka la vitambaa anacheka sana. Mtu anayecheka sana ana lake."

Halafu zikaja zamu. Kila wiki mtoto mmoja alikaa na Haji: amwonyeshe mstari uliofikiwa, amguse bega kengele ikilia, mapumziko asimwache peke yake. Jumamosi asubuhi aliyemaliza zamu na anayeingia walikutana na Bi Rukia kwenye ngazi za skuli, wakaambiana kipi kilikwenda na kipi kilikwama. Mimi nilitegemea nitakuwa wa kwanza. Bi Rukia akaniambia, "Wewe Maryam unaye nyumbani. Hapa waachie wenzako." Nikalipeleka neno hilo kwa mama kama lilivyo.

"Umeona?" alisema. "Wameanza kukutoa wewe. Na kwa nini wanabadilisha kila wiki? Mtu huwekewa zamu kitu asichokitaka. Zamu ya kufagia. Zamu ya choo."

Nilikuwa mdogo, na maneno yake yalikaa sawa kichwani. Nikaanza kuwachungua wenzangu kwa jicho lake. Fulani kamgawia Haji embe: anataka nini? Fulani kamshika mkono kuvuka njia: anajionyesha kwa nani? Walimu wawili, Bi Rukia na Mwalimu Othman, siku nyingine walisimama pamoja darasa moja, mmoja akifundisha na mwengine akizunguka, wakati darasa la jirani halina hata mmoja. Hilo nalo nililipeleka. Mama alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Sioni haya kuyasema, kwa sababu hata wazazi wengine walinong'ona hayo hayo sokoni, kwamba kuna siri, kwamba haiwezekani mtu akahangaika vile bure.

Siku moja Bi Rukia alitoka darasani, akakaa kwenye kijamvi pamoja na mama. Mimi nilikuwa dirishani.

"Bi Mwanaidi, wewe una maneno yako na Haji. Tufundishe na sisi."

Mama hakuinua uso. "Hayo ya nyumbani."

"Yatamsaidia."

"Mkishayajua yangu, mimi mtanitakia nini?"

Bi Rukia akamwangalia akishona, kisha akarudi ndani. Na mama jioni akanikataza kabisa: hata ishara moja isitoke kinywani mwangu. Nilitaka kumwambia ishara hazitoki kinywani, nikaona nitapata kofi.

Ikawa hivyo, wenzangu wakajifunza kwa Haji mwenyewe. Watoto hawangoji ruhusa. Kwenye nage, kwenye tiara, kwenye foleni ya bomba la maji, wakachukua zake na wakazitia zao. Mwalimu mkuu alikuwa kiganja juu ya kikombe. Bi Rukia vidole viwili vinavyokimbia. Hesabu ilikuwa kujishika kichwa kwa maumivu. Darasa zima likawa linazungumza bila ya sauti, na hapo ndipo walimu walipoanza kutushuku sisi, maana katika mtihani mikono ilikuwa haitulii.

Usiku mmoja tunakula, Haji akafanya ishara. Kidole gumba kikapita chini ya kidevu, kisha kikaelekea kwenye sinia. Mama akamtazama. Akarudia. Mama akampa mkate. Haji akatikisa kichwa. Akampa maji. Akatikisa kichwa tena, akacheka. Mama akanigeukia mimi. Sijasahau jinsi alivyonigeukia.

"Kasema nini?"

"Anataka ndimu," nilisema. "Kaanzisha Karim. Ndiyo yetu ya ndimu."

Mama alimsogezea ndimu. Hakula tena usiku ule. Baba alimwuliza ana nini, akasema ameshiba. Kwa miaka yote ile, yeye ndiye aliyekuwa mlango wa pekee wa kufika kwa Haji; mtu akitaka kitu kwake, au yeye akitaka kitu kwa watu, lazima apitie kwa mama. Sasa mtoto wa duka la vitambaa alikuwa amefungua tundu jingine ukutani. Uchungu huo nimeujua nilipopata watoto wangu.

Tulipofika darasa la tano, skuli ikaandaa maulidi, na darasa letu likapewa homu. Aliyekulia Unguja haelezwi, lakini kwa faida ya watoto waliokulia mbele ya televisheni: katika maulidi ya homu, waitikiaji hupiga magoti mstari mmoja, bega kwa bega, kanzu nyeupe, wakayumba pamoja kulia na kushoto, mbele na nyuma, huku matari yanapigwa mbele yao. Wakiyumba vizuri huwezi kusema huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi. Mwalimu Othman ndiye aliyefundisha. Na katikati ya mstari akamweka Haji.

Habari hiyo niliipeleka nyumbani mbio, maana ilikuwa kubwa.

Mama alitua kofia. "Homu? Mtoto asiyesikia tari?"

"Mwalimu kasema hahitaji kusikia. Mabega yatamwambia."

"Mabega!" Alisimama. "Nlijua. Nlikuwa nnangoja tu. Miaka yote hii wananilainisha, mpaka siku ya watu wengi. Wazazi wote wapo, masheikh wapo, wakubwa wapo, na mwanangu mimi wamtoe katikati aonekane anavyokwenda kombo. Hicho ndicho walichokuwa wakikitaka."

Baba akasema tena mwache akaone. Safari hii mama alimjibu. "Ataona. Na mimi nitakuwepo. Atakapochekwa, nampandisha begani na ndiyo mwisho wa skuli. Nshaapa."

Wiki zile za mazoezi zilikuwa ndefu. Jioni, masomo yakisha, wavulana walibaki uwanjani wakapiga magoti kwenye mchanga mpaka ngozi ikachubuka. Karim alikuwa kulia kwa Haji, na kushoto mtoto mmoja mnene ambaye mabega yake yalikuwa na habari nyingi. Nilichungulia kila siku nikitafuta dhihaka. Nilitafuta kweli kweli. Nilichoona ni Mwalimu Othman anapita nyuma ya mstari akisukuma migongo isogeane, na Haji amefumba macho, anayumba. Sikumpelekea mama habari hiyo vizuri. Nilisema tu, "Wanambana."

Siku ya maulidi uwanja wa skuli ulitandikwa mikeka na mabusati. Wanaume mbele, wanawake nyuma, ubani unafuka, mtu anapita na mrashi wa marashi akitunyunyizia vichwani. Haluwa ilikuwa imefunikwa pembeni, na watoto wa darasa la kwanza walikuwa wameikazia macho kuliko walivyomkazia msomaji. Mama alivaa buibui lake, akakaa ukingoni pa mikeka ya wanawake, mguu mmoja umekunjwa na mwengine tayari kuinuka. Mimi nilikaa kando yake.

Matari yakaanza. Mstari ukayumba. Haji alikuwa na kanzu mpya na kofia aliyoishona mama mwenyewe, na wallahi, alikuwa sawa na wenzake. Kulia, kushoto, mbele, nyuma. Mwanamke mmoja nyuma yetu aliuliza, "Yupi yule asiyesikia?" Nikamwona mama anavuta pumzi.

Halafu likaja lililokuja. Katika homu kuna pahala waitikiaji hunyamaza, kiongozi akaimba peke yake. Mabega hayasemi wakati wa kunyamaza. Haji alikuwa ameona midomo ya wenzake ikifunguka, na yeye akafungua wake siku zote za mazoezi, lakini sauti yake ilikuwa ikimezwa na za wengine. Siku ile, furaha nadhani ilimzidi, akaitoa kwa kifua chote, na wenzake walikuwa wameshanyamaza. Sauti ya Haji ikabaki peke yake uwanjani, nzito, ndefu, haina neno ndani yake.

Wa darasa la kwanza ndio walioanza kucheka. Kisha wakubwa zao. Kisha nikaona mabega ya wanaume watu wazima yanatikisika, na mwalimu mmoja wa darasa jingine amejifuta uso kwa kitambaa ambacho hakikuwa na jasho la kufuta. Uwanja mzima ulicheka. Mimi nililia pale pale.

Mama hakulia. Alikuwa ameshasimama. Alikwenda moja kwa moja, akapita katikati ya mikeka ya wanaume, jambo ambalo mwanamke wa enzi zile halifanyi wakati wa maulidi hata nyumba ikiungua. Wanaume walivuta magoti yao kumpisha. Kicheko kikakatika. Matari yalilegea lakini hayakuacha, na mstari nao haukuacha. Karim alikuwa amejibandika kwa Haji mpaka kofia zao zinagusana, na yule mnene upande wa pili vile vile, wakaendelea kuyumba, nyuso zimekaza, kama watu wanaobeba kitu kizito na hawataki kukiangusha.

Mama alisimama mbele ya Haji akamfanyia ishara: twende.

Haji alimwona. Alikuwa amejua kwamba amechekwa; macho yake yalikuwa yamejaa maji. Aliutoa mkono wake mmoja uliokuwa gotini, bila ya kuacha kuyumba, akaunyoosha mbele ya mama yake na mbele ya watu wote wale, akashusha kiganja chini. Mara mbili.

Hakuna aliyejua pale maana yake ila sisi wa nyumba moja, na darasa letu. Mtoto ambaye hakuwahi kumkatalia mama yake kitu alimwambia kaa, tulia.

Mama akakaa. Pale pale, mikeka ya wanaume, mbele ya matari, buibui limemtandaa. Mzee aliyekuwa akipitisha chetezo alimfikia, akasita, hakujua afanye nini, mwisho akamfukizia na yeye ubani, akaendelea na safari yake. Homu ikaisha salama. Walipofika pahala pengine pa kunyamaza, Karim alimgusa Haji gotini, na Haji akanyamaza na wenzake.

Njia nzima ya kurudi nyumbani mama alimshika Haji mkono. Kiapo kilikuwa kiapo, na mwanawe alikuwa amechekwa na uwanja mzima. Nililala nikijua kwamba Haji hatokwenda tena skuli, na nilijua pia kwamba mimi ndiye niliyempelekea mama kila tone la ile shaka.

Asubuhi nilisikia harufu ya pasi ya mkaa. Mama alikuwa akipiga pasi shati la skuli la Haji. Usiku baba alikuwa ameshamwambia kwamba kiapo hutolewa kafara, akafunga au akalisha masikini, na baadaye mama alifunga siku zake. Alinitazama juu ya pasi.

"Usidhani nimewaamini," alisema.

Siku ile alikuja skuli kama kawaida, lakini hakukaa ushorobani. Aliingia ndani. Alisimama mbele ya nusu duara yetu, mbele ya Bi Rukia, akafanya ishara ya pilipili jinsi tulivyokuwa tukiifanya sisi.

"Hii mnakosea," alisema. "Si hivyo. Mnampuliza mtu pilipili usoni. Tazameni."

Akatuonyesha. Kisha akatuonyesha ya mvua, ya jana, ya nnaogopa. Bi Rukia alikaa kwenye deski na sisi, akiifuata mikono yake. Mama alipomaliza aligeuka kutoka, akasimama mlangoni, akarudi, akamkamata Karim kidevu. "Na hiyo yenu ya ndimu," alimwuliza, "inafanywaje?"

Baada ya hapo alikuja Jumatatu na Alhamisi, kisha Alhamisi peke yake, kisha hakuja. Shaka haikumtoka. Bi Rukia hakuwahi kuambiwa ahsante, wala mimi sikumsikia mama akimsifu mbele ya mtu. Alichosema, siku Haji alipomaliza darasa la mwisho, ni kwamba labda yule mwanamke hakuwa na mradi.

Mama alifariki mwishoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati simu za mkononi zimeshajaa mjini. Siku ya hitma nilikuwa dirishani juu, na uani wanaume wamekaa kwenye majamvi chini ya turubali. Nikaona kundi la watu wazima linaingia, matumbo mbele, vichwa vimeanza kung'aa. Darasa letu. Sikuwa nimewaalika. Wazo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, ni kwamba wamesikia harufu ya pilau. Mimi ni mtoto wa Bi Mwanaidi. Nikawakazia macho. Wakamtafuta Haji, wakamzunguka, na Karim akakaa mbele yake. Sheikh alipoanza kusema, Karim akanyanyua mikono. Akichoka, aliyekuwa kando yake alipokea. Kisha mwengine. Haji alimsikiliza sheikh akimwombea mama yetu mpaka mwisho, na hakupitwa na dua hata moja. Hapo ndipo nilipomlilia mama vizuri.

Leo nikipita skuli nafurahi kuona yaliyokuja. Milango imepanuliwa, ngazi zimewekewa njia za viti vya magurudumu, ubaoni mwa nje imeandikwa kwa rangi nzuri kwamba watoto wote ni sawa. Watu wamesomea kazi hii na kupata vyeti, na lugha ya alama ina kamusi, haitegemei tena ndimu ya Karim. Sisi hatukuwa na chochote ila sakafu ya mbao na shaka nyingi. Lakini kwa kuwa tulishukiana, tulitazamana. Mama mlangoni, mimi dirishani, walimu wakituangalia mikono.

Mwanangu wa mwisho anasoma darasa moja na mtoto asiyesikia. Alinitajia mwenyewe, kwa kupita tu, macho yake kwenye simu. Nikamwuliza, "Anakaa na nani?"

"Ana mtu wake, mama. Kaletwa maalumu. Wanakaa wao wawili pembeni."

"Na nyinyi mnasema naye?"

"Tutasemaje naye? Si kazi ya yule mtu?"

Nikamwuliza huyo mtoto anaitwa nani. Akainua mabega. Wapo darasa moja mwaka wa tatu sasa.